Mafundi wa Gemu za Kale

Oktoba 1958, mwanafizikia William Higinbotham wa maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, alikuwa na kero ya mwenyeji. Kila mwaka maabara ilifungua milango kwa wananchi, na kila mwaka wageni walipitishwa mbele ya picha na mitambo iliyotulia tuli. Akaamua kuwapa kitu cha kushika. Kompyuta ndogo ya maabara iliweza kukokotoa njia ya kitu kinachorushwa hewani. Yeye akachora mpango, fundi Robert Dvorak akaunga nyaya, na kwenye kioo cha mviringo cha inchi 5 kikatokea kidoa cha mwanga kikiruka juu ya wavu. Tenisi ya watu wawili. Mgeni alizungusha kirungu kupanga mwelekeo, akabonyeza kitufe, mpira ukaenda. Watu walipanga foleni kwa mamia. Mwaka uliofuata kikaja kioo kikubwa zaidi, hata wakaweza kucheza kwa mvutano wa Mwezi au wa Jupita. Kisha mtambo ukafumuliwa, vipuri vikaenda kwenye kazi nyingine.

Mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa ya video, basi, ulizaliwa kwenye maonyesho, kwa mkono wa mtu aliyewaonea huruma wageni wake. Kila anayeandaa maonyesho ya gemu tangu hapo amerithi deni hilo la kuwapa wageni kitu cha kushika. Vitu vya makumbusho hulindwa kwa kutoguswa, ilhali gemu isiyochezwa ni sanduku tupu. Lazima iguswe, na kila mkono unaoigusa unaila kidogo: springi inalegea, mpira wa pedi unachanika, kitufe kinazama kisirudi. Mwandaaji anajua tangu siku ya ufunguzi kwamba hazina yake itachakazwa na watu wale wale aliowaalika.

Mwaka 1989 mwandaaji Rochelle Slovin alizikusanya mashine za gemu za sarafu katika American Museum of the Moving Image, Queens, New York, wakati watu wengi waliziona kama takataka za baa. Mwaka 2012 jumba la sanaa la Smithsonian, Washington, liliwapigisha watu kura juu ya gemu 240, likaonyesha 80, na kati ya hizo likaruhusu 5 tu zichezwe. Wapo walionung'unika. Mimi nawaelewa waandaaji: gemu tano zinazofanya kazi kutoka Machi hadi Septemba, mbele ya umati wa kila siku, ni kazi ya kukesha. Lakini jumba la sanaa la MoMA, New York, iliponunua gemu 14 mwaka huo huo na kuzionyesha mwaka uliofuata, iliyavua masanduku yake na kuvipachika vioo ukutani. Hapo naona kilipotea kitu. Pac-Man ilichezwa kwa kusimama, bega kwa bega na mtu usiyemjua, viganja vikiegemea ubao uliochubuliwa na waliotangulia. Ukiuondoa ubao huo umeondoa nusu ya mchezo.

Na si ubao tu. Chukua gemu ya bata, Duck Hunt ya Nintendo ya mwaka 1984, ambayo watoto wengi wa pwani yetu waliijua kupitia mashine za kuigiza zenye kanda za njano. Bunduki yake ya plastiki haifyatui chochote, inatazama. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panawaka mraba mweupe. Jicho la umeme lililomo mtutuni likiuona weupe ule kwa wakati wake, bata anaanguka. Yote yanategemea runinga ya chogo, inayochora picha mstari kwa mstari kwa mwale wa elektroni, na kuangaza papo hapo. Runinga bapa huchelewa kidogo. Mtu hatambui, bunduki inatambua, na bata hafi hata ukiibandika kiooni. Kwa hiyo mwandaaji anayejua kazi hutafuta chogo, tena mbili: moja ya kuonyesha, nyingine ya kuchinja vipuri.

Na chogo zina tabia zake. Ukizipanga karibu mno, picha hutetemeka. Spika isiyo na kinga ikikaa ubavuni, rangi za pembeni hugeuka zambarau. Ukiziwasha zote kwa mpigo asubuhi, swichi kuu inaweza kuruka, maana kila moja huvuta umeme mwingi pale inapoamka. Basi mtu wa zamu huziwasha moja moja, akitembea ukumbini kabla wageni hawajaingia. Hakuna mgeni anayeliona hilo.

Fundi ninayemfikiria ninapoandika haya hajawahi kuandaa maonyesho. Ni mzee wa Kariakoo, Dar es Salaam, kibanda chake hakina nafasi ya kuweka kiti cha mteja. Akitaka kufungua chogo huchomoa kwanza waya ukutani, halafu hasogei. Ndani ya kioo hubaki umeme wa maelfu ya volti hata runinga ikiwa imezimwa. Anachukua bisibisi bapa yenye waya uliofungwa kwenye chuma chake, ncha ya pili ya waya anaibana kwenye fremu, mkono wa kushoto anauweka mgongoni. Anaipenyeza bisibisi chini ya kikombe cha mpira kilichokaa juu ya kioo. Ta! Mlio mmoja mkavu. Anasubiri, anarudia tena, kwa kuwa umeme huo una desturi ya kujirudishia. Ndipo anapoinama na brashi yake kutafuta kapasita zilizovimba kichwa.

"Fundi, si tuitupe tu hii?" kijana mmoja alimuuliza mbele yangu.

"Mwanangu, kilichokufa humu ni cha shilingi mia tano."

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya kurushia matangazo ya runinga ilizimwa Dar es Salaam, na chogo, ambazo king'amuzi kingeziokoa, zikaanza kutolewa nje hata hivyo. Watu walitaka flati, yaani runinga bapa. Wanunuzi wa vyuma chakavu walizivunja shingo, wakachukua shaba, wakaacha vioo vyenye madini ya risasi mitaroni. Nchi za wenzetu hazikuwa na adabu zaidi: mashine za Poly-Play, gemu za sarafu za Ujerumani Mashariki, nyingi ziliharibiwa baada ya nchi kuungana, na leo Computerspielemuseum ya Berlin inaitunza mojawapo kama yatima.

Siku hizi maonyesho mengi ni flati za kukodi na kompyuta moja yenye gemu elfu ndani yake. Inatosha kupigia picha. Ukutani wameandikwa wadhamini na waandaaji. Aliyeinama nyuma ya kioo na pasi ya kulehemu hayumo. Na vibanda vyetu vya gemu vya miaka ya tisini, vyenye benchi la mbao na kaka aliyeshika saa akihesabu dakika za kila shilingi, havijapata hata chumba kimoja cha makumbusho.

Yule mzee hana mwanafunzi. Vijana wamekwenda kwenye simu, kwenye hela. Akitokea mtu wa kutuandalia maonyesho ya vibanda vile, kanda za njano atazipata, na bunduki ataipata. Chogo inayowaka, na mtu wa kuifungua bila kuuawa nayo, sijui atavitoa wapi.