Kuhusu Istilahi "Saratani Isiyotegemea Homoni"

Istilahi hii, iliyofasiriwa neno kwa neno kutoka lugha za kigeni, yafaa ikomeshwe. Mwaka 1941 Charles Huggins na wenzake walionyesha kwamba saratani ya tezi dume huweza kunywea korodani zikiondolewa, kwa kuwa hunyimwa testosteroni. Baadaye uvimbe huanza kukua tena, ingawa homoni hiyo imepungua mno katika damu. Ndipo likazuka jina "isiyotegemea homoni". Jina hilo lilipima damu, halikupima uvimbe. Seli za saratani huweza kuchukua malighafi hafifu itokayo tezi adrenali na kuigeuza kuwa testosteroni na dihidrotestosteroni, mumo humo zinamohitajiwa. Dawa ya abirateroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huzuia kimeng'enya cha utengenezaji huo, na imethibitika kurefusha maisha.

Basi mgonjwa aliyesomewa kwamba saratani yake haitegemei homoni ataionaje haja ya dawa ya kuzuia homoni?

Matabibu wenyewe sasa husema ugonjwa ni sugu kwa kuhasiwa. Hapa mfasiri ajihadhari: kuhasi kwetu ni neno la zizini, na mzee haambiwi hivyo mbele ya wanawe. Twapendekeza "saratani sugu kwa uzuiaji wa korodani". Na homoni zenyewe ziitwe "homoni za mumo humo". Fasili ya shuleni, kwamba homoni ni kemikali isafirishwayo na damu, nayo haina budi kupanuliwa.