Wasomaji wa Slaidi

Ukizungumzia chanjo za malaria, yaani RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021 na R21 iliyofuata Oktoba 2023, mazungumzo hukimbilia asilimia ya kinga. Mimi hupenda kuanza nyuma kidogo, kwa mtu wa maabara aliyeinamia hadubini Bagamoyo, Korogwe, Kilifi au Nanoro kule Burkina Faso, akisoma slaidi ya damu ya mtoto mwenye homa. Asilimia hizo zimesimama juu ya hesabu yake.

Ufundi wake unaanza kabla ya kugusa hadubini. Kidole kikishachomwa, tone la kwanza hufutwa kwa pamba kavu. Yanayofuata huwekwa kwenye kioo kimoja kwa namna mbili: tone nene na tabaka jembamba. Tone nene hutandazwa kwa kona ya kioo kingine, na kipimo cha unene wake ni gazeti: ukiweka slaidi mbichi juu ya maandishi, herufi zisomeke kwa shida. Tabaka jembamba huchovywa kwenye methanoli ili chembe nyekundu zibaki na umbo lake. Tone nene haliguswi na methanoli hata kidogo, kwa kuwa maji ya rangi yanapaswa kuzipasua chembe nyekundu na kuacha vimelea na chembe nyeupe tu. Methanoli ikichuruzika upande usio wake, kimelea kitabaki kimefichwa ndani ya chembe ambazo hazikupasuka.

Halafu ni rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la Gustav Giemsa wa Hamburg na ambayo maabara zimeitumia kwa zaidi ya miaka 100. Ikiwa ya asilimia 3, slaidi hukaa humo dakika 45 hadi 60, na maji yake lazima yawe na pH ya 7.2. Maji yakizidi uasidi, rangi hupotoka na jicho nalo hupotoka.

Usomaji wenyewe ni kazi ya mikono miwili. Mmoja husogeza slaidi. Mwingine hauachi kuzungusha skrubu ya kurekebishia lenzi, kwa sababu tone nene lina kina, na kimelea kilicho chini hakionekani ukiwa umetulia juu. Picha imekuzwa mara 1,000. Kimelea kichanga cha malaria aina ya falciparum ni pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu. Chembe sahani huchukua rangi inayokaribia hiyo, mabaki ya rangi huacha nukta zake, na vumbi na kuvu navyo hujitokeza. Anayejifunza hushtuka kwa kila kilicho chekundu. Mzoefu husubiri aione na buluu.

Ninawastahi wasomaji hawa zaidi pale ambapo hawaoni kitu. Hata katika kazi ya kawaida ya hospitali, mtu haruhusiwi kuandika kwamba hakuna vimelea mpaka apitie maeneo 100 ya slaidi. Eneo la 94 linastahili umakini uleule wa eneo la kwanza, ingawa mgongo umechoka na slaidi nyingine zinangoja. Sijui ustadi mwingine unaodai uaminifu mkubwa hivi bila shahidi.

Kwenye zahanati zetu mgonjwa amezoea kuambiwa ana "malaria mbili" au "tatu." Kwenye jaribio la chanjo hilo halitoshi. Vimelea huhesabiwa sambamba na chembe nyeupe 200, idadi huzidishwa kwa 8,000, ambayo ndiyo makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu, kisha hugawanywa kwa 200. Katika majaribio ya RTS,S na R21, mtoto alihesabiwa mgonjwa wa malaria akiwa na vimelea zaidi ya 5,000 kwa mikrolita pamoja na homa ya kuanzia nyuzi 37.5. Msomaji akihesabu 120, jibu ni 4,800. Akihesabu 130, ni 5,200. Vimelea kumi vinamtoa mtoto upande mmoja wa takwimu na kumweka upande wa pili. Ndiyo maana slaidi husomwa na watu wawili, kila mmoja bila kujua jibu la mwenzake, na wakitofautiana sana huitwa wa tatu.

Vipimo vya haraka vimerahisisha mengi vijijini, na ni jambo jema. Lakini kuna vimelea vilivyopoteza jeni inayotengeneza protini ya HRP2, ile inayonaswa na vipimo vingi vya aina hiyo. Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo vyake kwa sababu hiyo. Programu za kompyuta za kusoma slaidi nazo hufundishwa kwa picha ambazo wasomaji hawa wamekwisha kuzitambua.

Na sasa kuna Karagwe, mkoani Kagera. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba huko vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yaitwayo R561H vimeanza kuvumilia artemisinini, dawa iliyo ndani ya dawa mseto za malaria. Katika tafiti za namna hiyo mgonjwa hutolewa damu kabla ya dozi, kisha siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya tatu vimelea, kama bado vipo, huwa vichache mno. Kukiona hata kimoja humaanisha dawa inachelewa kuvimaliza, na anayepaswa kukiona ni yuleyule mwenye mkono mmoja kwenye slaidi na mwingine kwenye skrubu.