Joto au Usawa? Uhakiki wa Kigezo cha Ubora katika Tafiti za Uyeyushaji wa Chuma Rukwa na Katavi

Mjadala kuhusu uyeyushaji wa chuma wa jadi nchini Tanzania umetawaliwa na swali la joto. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walidai, katika jarida la Science, kwamba Wahaya walipasha hewa ndani ya mirija ya udongo kabla haijayafikia makaa, na kwa njia hiyo wakapata pua. J. E. Rehder alilipinga dai hilo mwaka 1986, lakini naye alibishana juu ya joto lilelile.

Kigezo hicho kinapwaya kinapopelekwa kusini. Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012, hivyo mtafiti wa Katavi hurithi maandishi ya Rukwa, na humo Ufipa ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Wafipa walitumia matanuri mawili. Ilungu, refu kuliko mtu, lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Bonge lililotoka humo lilikuwa mchanganyiko wa chuma, mavi ya chuma na vipande vya makaa, gumu huku na laini kule. Bonge hilo lilivunjwavunjwa, likachomwa tena katika kintengwe, tanuri dogo lenye mivukuto. Kazi ya kintengwe ilikuwa kulisafisha. Hapo ndipo penye ufundi, na hapo ndipo maandishi mengi yanapopita haraka. Sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: malungu bado yamesimama porini, hupigwa picha na kuhesabiwa, ilhali kintengwe ni kidogo na hubomoka upesi.

Tatizo la kutosawazika halikuisha na matanuri ya udongo. Pua yenye aloi nyingi, inayotumika kutengenezea vifaa vya kukatia, ikimiminwa katika kalibu kubwa hupoa polepole. Kabidi za kromi na vanadi hujikusanya mahali pamoja, na chuma hupasuka hapo. Kuanzia miaka ya 1970, kutokana na kazi ya A. R. E. Singer huko Swansea, Wales, ilibuniwa njia ya kuunda metali kwa kunyunyizia: mkondo wa metali iliyoyeyuka hupasuliwa kwa gesi kuwa matone, yakatua yakiwa nusu yameganda juu ya sahani inayozunguka. Kwa kuwa kila tone hupoa upesi, kabidi hubaki ndogo na kutawanyika. Joto la kuyeyushia ni la kawaida. Kinachonunuliwa, kwa gharama ya unga unaopotea na vitundu vinavyohitaji kuzibwa kwa kufuliwa, ni usawa.

Kuwafanya Wafipa watangulizi wa Singer kungekuwa kurudia kosa la kusaka sifa. Ilungu halikuyeyusha chuma hadi kikawa maji, na kaboni si vanadi. Kinacholinganishwa ni tatizo, si mbinu.

Lugha nayo ina sehemu yake. Tasnifu inayoita bonge la ilungu, zao la kintengwe na jembe lililokamilika "chuma" tu, hufuta hatua inazodai kuzieleza. "Chuma cha pua" hakisaidii, kwani madukani hutajwa pia kwa chuma kisichoshika kutu. Bonge, chuma kilichosafishwa na pua vinahitaji kutengwa kimsamiati, na mavi ya matanuri hayo mawili kukusanywa na kupimwa mbalimbali, kabla ubora wa chuma cha Ufipa haujahukumiwa.