Nani humtawala nani: maneno ya idadi katika Kiingereza

Katika Kiswahili, nomino ndiyo mtawala. Tunasema watu wengi, miti mingi, viti vyote. Ngeli huamua na kivumishi cha idadi hufuata. Mwanafunzi akiingia kwenye Kiingereza na mazoea hayo hushindwa kuona amri inatoka wapi, akaandika “every students” au “many student”. Kule mamlaka yako kwa neno la idadi. Lenyewe halibadiliki umbo, lakini huichagulia nomino umoja au wingi.

Kazi hiyo ina hatua mbili. Ya kwanza ni ya nomino. “Each” na “every” hudai umoja. “Many”, “few”, “several” na “both” hudai wingi. “Much” na “little” hutaka nomino isiyohesabika, kama “water”. “All” na “some” hupokea wingi na zisizohesabika pia: “all books”, “all water”. Hapa mwalimu wa Kiswahili ana daraja tayari, nalo ni “kila”: halipokei kiambishi cha ngeli, hutangulia nomino na hutaka umoja. Hata linapokubali wingi hufanana na mwenzake: kila wiki mbili, “every two weeks”.

Hatua ya pili ni ya kitenzi, na ndiyo inayowatesa wengi. Katika “most of the water is” na “most of the students are”, kitenzi hutazama nomino iliyo baada ya “of”. Katika “each of the students has”, hutazama “each” na kuwapuuza wanafunzi wote. Jozi iliyo ngumu zaidi ni “a number of students are” na “the number of students is”. Ya kwanza inazungumzia wanafunzi kadhaa, ya pili inazungumzia idadi yenyewe.

Kanuni nyingine hazina nguvu kama zinavyofundishwa. “None” limetokana na maneno yenye maana ya “si mmoja”, ndiyo sababu baadhi ya walimu hulilazimisha umoja. Ilhali matumizi yake ya wingi yapo tangu Kiingereza cha Kale. Amri ya kutumia “fewer” badala ya “less” kwa vitu vya kuhesabika nayo ilianza kama pendekezo la mwandishi Robert Baker mwaka 1770.

Anayedhani maana pekee itamwongoza apime jozi hii. “More than one student has” inataja wanafunzi wawili au zaidi, lakini iko katika umoja. “Fewer than two students have” inataja mmoja au hakuna, lakini iko katika wingi. Nomino imefuata tarakimu iliyo jirani yake, na kitenzi kimeifuata nomino. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni wangapi, tafuta kwanza neno linalotoa amri.