Malaika Bila Maneno

Kupanga wimbo wa sauti nyingi upigwe na fidla ni kazi ya tarjuma. Na tarjuma mbovu tunazijua: kila neno lipo, wimbo wenyewe haupo.

Nilisikiliza Makambako kundi la vijana wanaoanza kujifunza fidla wakipiga "Malaika". Aliyewapangia alifanya ambalo wengi tuliozoea kwaya tungefanya: alichukua sauti nne za solfa akazigawa kwa fidla nne. Si ajabu. Njombe ndiko yaliko makao makuu ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT, na kwa mwanakwaya sauti nne ndiyo maana ya muziki.

Kwenye fidla hesabu hiyo inagoma. Besi ya kwaya hushuka chini kuliko uzi mzito kabisa wa fidla. Ukiipandisha, inajikuta imebanana na sauti nyingine, na wimbo unakosa sakafu. Sauti ya pili na ya tatu nazo zinataka vidole vyenye uhakika, na shingo ya fidla haina vizuizi kama ya gitaa. Anayeanza bado anahangaika na upinde. Atamsikiliza jirani saa ngapi?

Dawa imo kwenye chombo chenyewe. Weka do kwenye D. Sasa nyuzi za D, G na A, zikipigwa bila kubonyezwa, zinatoa do, fa na so, yaani nota za msingi za mipatano mitatu inayobeba nyimbo nyingi za aina hii. Mtoto aliyeshika fidla wiki iliyopita anaweza kuwa besi, tena besi ya kweli.

Lakini ufundi peke yake hautoshi, kwa sababu "Malaika" ni wimbo wa mtu anayependa na hana mahari. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka kwenye albamu yao ya 1965, Boney M. wakautoa 1981. Kwa sikio langu, Boney M. wana sauti zilizoshiba kuliko wote, na ndiyo kasoro yao: huyo kijana asiye na kitu amezungukwa na watu kibao wanaomuunga mkono. Mpangilio wa Makambako una kasoro hiyo hiyo. Umaskini haumo.

Fidla za taarabu ya Unguja zingetufundisha. Kwenye kundi kama Culture Musical Club hazigawani sauti nne. Hupiga wimbo mmoja kwa pamoja, zikimjibu mwimbaji. Kwa wanaoanza, hilo ni jepesi zaidi, na linafaa maana ya wimbo.

Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, aliiita *Mabepari wa Venisi* (1969). Unaweza kubishana naye, lakini alichagua. Mpangaji wetu naye achague. Pale kijana anapokiri kwamba hana uwezo, afute sauti ya pili na ya tatu, abakize fidla moja juu ya uzi mmoja mtupu. Jina la mpenzi likiitwa, wote waingie.

Nina hakika wale vijana wa Makambako wataiweza. Ni rahisi kuliko waliyopewa.