Digitaria ni jina la magugu

Bandugu wa lisansi, leo mihogo ipumzike kidogo. Nataka kusema juu ya filme.

Wenye kunijua wanajua ugonjwa wangu. Akira ya 1988 nimeiangalia mpaka naweza kukutajia picha inayofuata, na Blade Runner ya 1982 vilevile. Zote mbili ziliweka hadithi yao mwaka 2019. Mwaka ulifika, ukapita, hakuna gari lililoruka juu ya Nyalukemba. Hiyo naisamehe. Kilichonisumbua ni kingine: ndani ya hizo filme kuna mitambo kila pahali, lakini hakuna mtu anayeuliza mawe ya kuitengeneza yalichimbwa wapi. Sisi wa Kivu tunajua. Tumeyaona yakipita ndani ya magunia.

Ndiyo maana Neptune Frost ilinishika. Ni ya Saul Williams, Mmarekani, na Anisia Uzeyman, Mnyarwanda. Ilipigwa Rwanda, hadithi iko Burundi, ikaonyeshwa Cannes 2021, na watu wake wanasema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, sawa na sisi tunavyochanganya. Inaanzia kwenye mgodi wa koltani. Kijana Tekno anasimama kidogo kuangalia jiwe aliloliokota. Mlinzi anampiga, anakufa. Kaka yake Matalusa anakimbia.

Niliiangalia na mwenzetu mmoja wa promosyo ambaye alichimba miaka miwili huko Kalehe, kwa sababu diploma haikumpa kazi. Tekno alipoanguka, alisimamisha filme yeye mwenyewe. Alinyamaza. Kisha akasema: "Unaona? Hakukataa kazi. Aliangalia tu jiwe." Ngoma zilipoanza pale mgodini akatikisa kichwa: "Hapa basi wanadanganya. Nani ana pumzi ya kuimba?" Sikubaliani naye. Mama zetu wanalima wakiimba, na si kwa sababu jembe ni jepesi.

Matalusa anafika kwenye kijiji cha bahakeri, na kijiji kinaitwa Digitaria. Hapo niliruka. Kwetu watu wa agronomi, Digitaria ni jamii ya majani. Moja ni fonio, nafaka inayolisha watu Afrika Magharibi. Nyingine, Digitaria abyssinica, ni magugu ya milimani kwetu, adui wa kahawa: inatembea chini ya udongo, na ukiikata vipande kumi kwa jembe, umepanda kumi. Kama watengenezaji waliwaza magugu ao hapana, mie maana hiyo naichukua. Kwa watu ambao kila mtu anataka kuwang'oa, sijaona jina bora.

Lakini filme ina kasoro, tena kubwa. Katikati inazunguka, kila mtu anasema kama anasoma shairi, na mwenzangu akalala. Halafu Neptune anapofika kijijini umeme unawaka. Sawa, nani wa Bukavu atakataa mgeni wa namna hiyo? Ila bugali inatoka wapi? Wamevaa nyaya na vipande vya ordinatere, mavazi mazuri kabisa ya Cedric Mizero, lakini shamba lao karibu hatulioni. Kijiji kinachotaka kujitenga na dunia kinaanza na mbegu.

Hiyo Wanuri Kahiu wa Kenya alishaielewa katika Pumzi, ya 2009, dakika kama ishirini tu. Vita vya maji vimepita, watu wanaishi ndani, wanasafisha jasho na mkojo ili wanywe. Asha anatumiwa udongo kwa siri. Anaupima, anaunusa, anapanda mbegu ya zamani, inaota. Wakubwa wanamkataza kutoka. Anatoroka na mche wake mpaka jangwani, na maji yake ya mwisho anaupa huo mche. Hakuna ngoma, maneno ni machache sana, na nilielewa yote.

Mwenzangu hii hakulala. Aliomba tuirudie. Mara ya pili akaanza kulalamika kwamba Asha amepanda mti kwenye mchanga mtupu, bila hata kiganja kimoja cha mboji, na tulibishana juu ya hiyo mpaka betri ikaisha.