Karo Kutoka Sweden

Ufadhili wa masomo kutoka ng'ambo ni mpango ambapo mtu wa nchi moja humlipia karo mtoto wa nchi nyingine, mara nyingi bila wawili hao kuonana. Kwa kawaida shirika husimama katikati: hupokea fedha, huzifikisha shuleni na kupeleka barua huku na huku.

Mfano unaostahili pongezi ni wa Hilde Back, mwalimu wa watoto wadogo nchini Sweden. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi, akakimbilia Sweden. Wazazi wake walifia katika kambi za Wanazi. Miaka ya sabini alianza kumlipia karo Chris Mburu, mtoto wa kijijini nchini Kenya. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, cha kuweza kutolewa na mwalimu wa kawaida, lakini kwa familia ya wakulima maskini ndicho kilichoamua kama mtoto ataendelea na masomo au atabaki shambani.

Mburu alifika Chuo Kikuu cha Harvard, akasomea sheria, kisha akafanya kazi ya haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa elimu kwa jina la mfadhili wake. Mfuko huo huwalipia karo ya sekondari wanafunzi wa Kenya waliofaulu vizuri shule ya msingi lakini wazazi wao hawana uwezo.

Si kila ufadhili huzaa hivyo. Huu ulizaa, na Back aliishi hadi 2021 akayaona matunda yake.